Ng'ombe wa Rhobi

Jofrey Machage anachomelea mageti na madirisha pale Bunda, karibu na soko, na kwa zaidi ya miaka thelathini ametengeneza mageti ya watu wanaojua wametoka wapi. Yeye alikuwa hajui. Wateja wakimuuliza kabila lake alijibu, "Mimi mtu wa Mara," akavuta miwani ya kuchomelea machoni, na cheche zikaanza kuruka kabla hawajauliza la pili.

Alizaliwa Makoko, Musoma, mwaka 1966. Baba yake, Machage, alikuwa mlinzi wa ghala la pamba, mtu mrefu mwenye maneno machache. Mama alikuwa Mjita. Machage alikuwa Mkurya, au ndivyo jina lilivyosema, lakini hakumfundisha mwanawe hata salamu ya Kikurya. Nyumbani walizungumza Kiswahili tu. Ulipofika wakati wa tohara alimpeleka hospitali, siku ya Jumanne, wakarudi na karatasi ya dawa. Kwa hiyo Jofrey hana rika. Vijana waliotahiriwa pamoja walikuwa ndugu mpaka kaburini: ukifiwa wanakuja kuchimba, ukiwa na njaa unaingia kwa mmoja wao bila kubisha hodi. Sasa kila mzazi anafanya kama Machage, na anajiona mstaarabu. Misiba yetu inachimbiwa makaburi na vibarua, na watu wa rika wanatuma pole kwenye simu. Angalau Machage alikuwa na sababu yake, ingawa hatukuijua mpaka mwaka jana.

Mwaka jana binti wa Jofrey, Marieta, mwalimu wa shule ya msingi, alipata mchumba. Kijana anaitwa Ryoba, fundi umeme, kwao ni Mugeta. Walikuwa wamejuana miaka minne. Ukumbi ulishachaguliwa, sare zilishachaguliwa, na mshereheshaji wa kupiga kelele alishapatikana. Kilichokuwa kimebaki ni wazee kuzungumza, jambo ambalo siku hizi linawekwa mwisho, kama chumvi iliyosahaulika.

Wazee wa Mugeta walikuja Jumamosi moja ya mwezi wa sita. Mkubwa wao alikuwa Stanislausi, baba mkubwa wa Ryoba, mzee wa miaka themanini kasoro, mwenye kofia ya sufu na sauti ya kuitia ng'ombe. Mimi nilikuwepo kwa sababu ni jirani, na kwa sababu Jofrey hakuwa na mzee mwingine wa kumketisha upande wake.

"Sisi hatukuja kununua gunia la mpunga," Stanislausi alianza. "Tunataka kujua tunaongea na nani. Mkwe, wewe ni wa nani?"

"Mimi ni Jofrey wa Machage."

"Machage wa nani?"

"Wa Rhobi."

"Rhobi wa nani?"

Mtu wa Mugeta angetaja majina manane bila kumeza mate.

"Mzee, mimi naishia hapo."

"Unaishiaje hapo, mkwe? Mimi hata mbwa wangu namjua babu yake."

Watu wakacheka. Jofrey naye akacheka, lakini masikio yalimwiva.

Stanislausi hakucheka. "Nisikilizeni. Kwetu kulikuwaga na Rhobi. Aliondoka Mugeta akaelekea upande wa Butiama, mimi sijazaliwa, na hakurudi tena. Kama Rhobi wenu ndiye huyo, basi hawa watoto ni wa nyumba moja. Hakuna ndoa hapo. Kama ni mwingine, tutaleta ng'ombe na tutacheza. Nenda ukamtafute babu yako, halafu uje Mugeta utuambie. Mpaka siku hiyo ng'ombe hawatoki zizini."

Wakanywa soda zao, wakaondoka.

Marieta alilia, kisha akakasirika. Kwenye simu yake alikuwa ametengeneza mti wa ukoo, na programu hiyo ilikuwa imempa kila mtu kisanduku na picha. Babu Machage alikuwa na kisanduku. Rhobi naye alikuwa nacho, na kwa kuwa hakuna aliyejua sura yake, simu ilikuwa imemwekea picha ya mwanaume mwenye masharubu.

"Babu mzaa babu," alisema Marieta akinionyesha. "Amekufa kabla baba hajazaliwa. Leo ndio anizuie kuolewa? Twendeni hospitali kubwa tupime DNA, mimi na Ryoba, tumalize."

Nilimwambia mambo haya hayakai kwenye damu tu. Akaniangalia kama vijana wote wanavyotuangalia sisi wazee.

Jofrey alinijia kesho yake. Nilikuwa karani wa kupima pamba zamani, shule niliishia darasa la nne, mengine nilijifundisha mwenyewe. Na tangu mwaka 1974 nimekuwa nikiandika majina ya koo na nyumba za upande huu. Nina madaftari kumi na moja. Wanangu wanasubiri nife wayawashie jiko. Nilifungua ukurasa wa watu wa Makoko nikaandika kwa wino, nikiwa na hakika kabisa: *Rhobi, mwanaume, babu wa Jofrey, ukoo haujulikani.* Siku mbili baadaye tulipanda pikapu ya Jofrey tukaenda Musoma.

Dada yake mkubwa, Adventina, bado anakaa katika nyumba ya baba yao. Tulimkuta uani akichambua mchele.

"Leo ndio mnamtafuta?" alisema bila kuinua kichwa. "Baba alikaa duniani miaka sabini na tisa, hakuna aliyemuuliza."

"Nilimuuliza, dada. Alinichapa."

"Ulimuuliza mbele za watu. Wewe tangu utoto hunaga adabu." Kisha akaniambia mimi, "Karibu, mzee, kaa hapo kivulini. Huyu mdogo wangu anajua kuunga vyuma tu."

Aliingia ndani akatoka na sanduku la bati. Chini ya nguo za marehemu kulikuwa na cheti cha ubatizo, kimekunjwa mara nne mpaka mikunjo imetoboka. Jina: Machage. Mwaka wa kuzaliwa: 1938. Baba: Rhobi. Mama: Bhoke. Mahali: kijiji kimoja upande wa Butiama. Nafasi ya jina la babu ilikuwa tupu, imepigwa mstari.

"Kuna mama mmoja kijiji hicho," alisema Adventina. "Dorkas. Kila mwaka baba alimpelekeaga sukari, anaenda peke yake. Akirudi hasemi kitu siku mbili."

"Yuko hai?"

"Mimi nitajuaje? Nendeni. Na mkimkuta msiende mikono mitupu kama mlivyokuja kwangu."

Tulinunua sukari kilo tano.

Bibi Dorkas alikuwa hai. Umri wake ulishapita miaka tisini, macho yamekwisha, masikio yako sawa. Alikuwa ameketi mlangoni na ungo wa ulezi mapajani, akiutafuta uchafu kwa ncha za vidole.

"Ni nani?"

"Ni mtoto wa Machage, bibi," alisema Jofrey.

"Machage wa Rhobi? Njoo nikushike kichwa."

Jofrey alipiga magoti, mtu mzima wa miaka hamsini na saba, na yule mama akampapasa kichwa, masikio, kidevu. "Haya. Kidevu ni cha Bhoke. Amekufa Machage, eh? Nilijua. Sukari iliacha kuja."

"Amekufa, bibi. Sasa tunamtafuta huyu Rhobi. Tunataka kujua alikuwa mzee wa wapi, na ukoo wake ni upi."

"Mzee?" Bibi Dorkas alirudia. Kisha akacheka mpaka ulezi ukamwagika. "Mwanangu, nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, Rhobi ndiye aliyenishika mgongo. Wewe uliona wapi mwanaume akaingia humo?"

Jofrey aliniangalia. Mimi niliangalia daftari langu. Miaka hamsini ya kuandika koo za watu, na neno *mwanaume* limekaa pale kwa wino, kubwa, kama la mtu anayejua. Mambo haya niliyaona kwa macho yangu nikiwa mdogo. Nyumba ya tatu kutoka kwetu ilikuwa ya namna hiyo. Lakini nilisikia jina limewekwa mahali pa baba, nikafikiri kama cheti, kwamba baba lazima awe mwanaume. Rhobi ni jina la wanaume na la wanawake vilevile, na sikujiuliza hata mara moja.

Kwa wasomaji wadogo nieleze. Wakurya wanaiita nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume, mara nyingi mjane, anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana. Si ndoa ya kitandani. Msichana anakuja kukaa nyumbani kwake, anazaa na mwanaume anayekubaliwa, na watoto wanaitwa kwa jina la yule mwanamke aliyetoa ng'ombe. Yeye ndiye baba yao. Waliokuja na vitabu walicheka, na sisi tukajifunza kucheka pamoja nao. Siku hizi likitajwa linatajwa kama mzaha, au kama kesi. Lakini kwa njia hiyo mwanamke aliyekuwa anafutika duniani aliacha nyumba imesimama.

"Machage alimwitaje?" Jofrey aliuliza.

"Baba. Na yeye aliitika. Mama yako yule Bhoke, namaanisha bibi yako, alikufa Machage hajajua kukimbia. Rhobi ndiye alimlea. Sasa walipompeleka shule, wenzake wakamwimbia kwamba baba yake anavaa gauni. Kila siku. Akaacha kumtaja. Alikuwa anakuja hapa kwangu, akishakuwa mtu mzima, anakaa pale ulipo, anaomba nimsimulie habari za Rhobi. Kwenu hakusema?"

"Hakusema."

Nikauliza swali ambalo lilinileta. "Mama, Rhobi alitoka Mugeta?"

"Mugeta, ndiyo. Mume wake alikuwa Nyamhanga. Alipokufa, ndugu zake wakataka mmoja wao amrithi. Akakataa. Alikuwa na kichwa kigumu."

Jofrey alifumba macho. Nyamhanga, kwenye daftari langu la watu wa Mugeta, ni baba mkubwa wa Stanislausi. Rhobi alikuwa ndiye yule.

Nikamgusa bega asisimame bado, kwa sababu lilikuwa limebaki swali moja, na kwa wazee wa zamani lilikuwa kubwa kuliko yote: Rhobi alimwoa Bhoke kwa ng'ombe wa nani? Kama ni ng'ombe wa nyumba ya Nyamhanga, Machage ni mtoto wa Nyamhanga, hata kama Nyamhanga alishazikwa, na Marieta ni dada wa Ryoba. Kama ng'ombe ni wa kwingine, mtoto ni wa huko kwingine.

"Ng'ombe?" Bibi Dorkas alianza tena kupapasa ulezi. "Ng'ombe walikuwa tisa. Rhobi alifika hapa na ngozi aliyovaa na chungu kimoja. Wale shemeji zake walimnyang'anya kila kitu. Akaomba shamba kwa watu wa hapa, akalima ulezi. Mwaka wa njaa watu wakaja na mbuzi zao kuomba ulezi wake. Mbuzi wakazaa. Akabadilisha mbuzi kwa ndama jike, ndama akakua, akazaa. Miaka kumi na mitatu. Masikio ya ng'ombe wake aliyakata alama yake mwenyewe, si ya Mugeta, si ya hapa. Alikuwa ananionyesha. Kila mtu alijua ng'ombe wa Rhobi."

"Na aliyemzaa Machage?" Jofrey aliuliza polepole. "Yule mwanaume?"

"Sikuuliza. Na wewe usiulize. Mtoto ni wa mwenye ng'ombe."

Tukaacha sukari, tukaondoka. Jofrey aliendesha mpaka barabara kuu. Kisha akasema, "Mzee, nielezee kama unavyomweleza mtoto."

Nikamweleza. Ukisema ng'ombe walitoka Mugeta, una ukoo. Una majina manane nyuma yako, una makaburi, una watu wa kukuchimbia lako. Binti yako hana mume. Ukisema ng'ombe walikuwa wa Rhobi, binti ana mume, na ukoo wenu unaanzia kwa mjane aliyelima ulezi. Nyuma yake hamna mtu.

"Na kwao alikozaliwa?"

"Kwao walishapokea ng'ombe wake alipoolewa na Nyamhanga. Hawana neno juu ya watoto wake."

"Na Bibi Dorkas ndiye shahidi peke yake."

"Peke yake. Na haoni."

Mimi, niseme kweli, nilitaka achague watu. Marieta angelia mwaka mmoja, akapata mwingine. Wasichana wa siku hizi wanaolewa na kuachika kwa mwezi. Lakini mtu kupata ukoo akiwa na miaka hamsini na saba, hilo sijaliona. Sikumwambia.

Tulikwenda Mugeta wiki iliyofuata. Stanislausi alikuwa amekusanya wazee sita sebuleni kwake, na Ryoba alikuwa amekaa karibu na mlango, suruali imenyooshwa, uso hauna damu. Jofrey alisimama akaeleza: Rhobi alikuwa mwanamke. Alikuwa mjane wa Nyamhanga. Alimwoa Bhoke, Bhoke akamzaa Machage, Machage akamzaa yeye.

Alipotaja Nyamhanga, Stanislausi alisimama. Alivuka chumba na mikono yake miwili mbele, akamkumbatia Jofrey mpaka kofia ikamdondoka.

"Nilijua!" alisema. "Niliposikia jina nilijua, nikasema aje aseme mwenyewe. Mtoto wa Nyamhanga amerudi! Leteni kiti, huyu si mkwe, ni ndugu yangu. Jofrey, mji wa Nyamhanga upo pale, ng'ambo ya kile kisima. Hakuna aliyejenga. Tuliogopa kujenga juu ya mji usio na mrithi. Umekaa wazi miaka yote hiyo kama jino lililong'oka. Ni wako. Utajenga, utazikwa hapo."

Wazee wakaanza kumshika mkono mmoja mmoja, kila mmoja akimwambia anamwitaje: huyu ni kaka, huyu baba mdogo, huyu unamtania. Mmoja alishaanza kumtania papo hapo. "Ndugu yangu, kwa tumbo hili la mjini utaswagaje ng'ombe?" Jofrey alikuwa analia waziwazi. Sijawahi kumwona hivyo, hata kwenye msiba wa baba yake.

"Na mimi na Marieta?" aliuliza Ryoba kutoka mlangoni.

"Watoto ni ndugu," alisema Stanislausi, bila ubaya. "Mtapata wengine. Kuna wasichana wengi Mara."

Jofrey alijifuta uso kwa kiganja. Alikaa kwenye kile kiti walichomletea, akaangalia dirishani upande wa kisima. Nilidhani amekwisha kuamua, na moyoni nilishukuru.

"Mzee Stanislausi," alisema. "Rhobi alipoondoka hapa, aliondoka na ng'ombe wangapi?"

Stanislausi alinyoosha mgongo. Hilo lilikuwa swali la heshima ya baba yake. "Ng'ombe? Hata mmoja! Baba alisema mbele ya watu: hakuna mwanamke anayetoka kwetu na ng'ombe. Aliondoka na ngozi aliyovaa. Hata mbuzi hakupewa. Hilo kila mtu hapa analijua."

Wazee wakaitikia. Ndivyo. Hata mbuzi.

"Basi alimwoa bibi yangu kwa ng'ombe wa nani?"

Mzee aliyekuwa anataniana naye akaacha kucheka. Wote walikuwa watu wa kale kama mimi. Hawakuhitaji kuelezwa kanuni. Kumdai Machage, ilibidi waseme kwamba mjane aliondoka na ng'ombe wao, na kwa hiyo baba zao walisema uongo mbele ya watu. Kama baba zao walisema kweli, Machage hakuwa wao.

"Walikuwa tisa," Jofrey aliendelea, taratibu, kama mtu anayesoma kipimo cha dirisha. "Aliwapata kwa ulezi. Alikata masikio yao alama yake. Mimi ni wa Rhobi. Rhobi si wa mtu."

Stanislausi alikaa chini. Aliokota kofia yake sakafuni, akaikung'uta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Ungeweza kunyamaza," alisema mwishoni. "Ule mji ungekuwa wako."

"Najua."

"Hukutaka?"

"Nilitaka, mzee. Nilitaka sana."

Stanislausi aliwaangalia wenzake. Kila mmoja aliinamisha kichwa kukubali, wa mwisho akiwa yule mtani, na yeye alichelewa. Kisha akamgeukia Ryoba. "Waambie vijana wawatoe wale ng'ombe wa mahari, mkwe awaone kabla hajaondoka. Si kosa la msichana."

Ryoba alitoka mbio na suruali yake iliyonyooshwa.

Wanawake walikuwa wameshaivisha ugali na nyama. Walileta sinia moja kubwa, la ndugu, walilokuwa wameliandaa waliposikia shangwe. Stanislausi aliwazuia kwa mkono. Kule hawali na mkwe sahani moja, na hilo, nashukuru, bado wanalishika. Walirudi jikoni, wakagawa upya. Stanislausi na wale wazee sita wakazunguka sinia lao, wakanawa. Jofrey aliwekewa meza ndogo peke yake upande wa pili wa chumba, kwa heshima zote, na kipande cha nyama kikubwa kuliko cha mtu yeyote. Nilisogeza kiti changu nikale naye, kwa kuwa mimi ni upande wake.

"Hapana, mzee," aliniambia kwa sauti ya chini. "Nenda ukale na wao. Wanakuheshimu."

Nilikaa naye palepale. Alinawa mikono, akamega tonge, akala huku ametazama ukutani, kama mkwe anavyopaswa.